Sekunde Arobaini na Moja

Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni Machakos, na kiatu ni bidhaa ya kuhesabiwa mara mbili. Unahesabu miguu, kisha unahesabu jozi. Hesabu hizo zikikataa kupatana, ujue kuna mtu mahali amekuuzia wa kushoto na wa kushoto. Tabia hiyo imenifuata hadi nyumbani. Chenji naihesabu mara mbili. Watoto wangu tukitoka kanisani nawahesabu mara mbili, na ni watatu tu. Mke wangu huwaambia watu kwamba siku ya harusi nilifunua shela, nikaifunika, nikaifunua tena. Si kweli, lakini sijawahi kumkanusha, kwa sababu ni jambo ningeweza kulifanya. Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba mtu aliyechezewa katika kisa hiki si wa kuchezewa na kila anayepita. Ilibidi apatikane ndugu yake.

Mambo yalianza na upepo. Antena yetu ilikaa juu ya bomba refu la chuma nyuma ya nyumba, na upepo wa alasiri moja uliilaza chini juu ya banda la kuku la jirani. Kuku hawakuumia. Jirani aliwahesabu, nami nikawahesabu.

Nikamwita fundi wa antena. Alikuja na ngazi ambayo hakuipanda, akaishika antena yetu kama anayepima uzito wa mbuzi, akatikisa kichwa.

"Hii imeenda, mzee. Mbavu zote zimelegea."

"Zote?"

"Zote."

"Nimehesabu. Ni tatu kati ya kumi na moja."

Aliniangalia vile wateja wangu huniangalia nikiwaambia kiatu hakijawahi kuvaliwa. Akabadilisha njia. Akasema tatizo si mbavu, tatizo ni mahali tunapokaa, chini ya vilima vya Iveti. "Hapa mko kwa shimo. Mlima umekaa mbele ya mawimbi kama mtu mnene amekaa mbele yako kanisani. Unataka antena mpya, na bomba refu zaidi ya hili."

Tukapatana bei. Ilichukua muda wa chai mbili. Mwishowe tulifika kwenye bei ambayo yeye aliichukia na mimi niliichukia, na hiyo ndiyo dalili ya bei ya haki. Nikamwambia aje kesho.

Jioni hiyo nikampigia simu kaka yangu, ambaye sisi wote nyumbani tunamwita Mkubwa. Anaishi Athi River, kazi yake iko EPZ, katika kiwanda cha nguo. Amesimama kwenye meza ya kukata vitambaa miaka mingi. Mashati anayoyakata hupanda meli kwenda ng'ambo, huvaliwa na watu tusiowajua, halafu hurudi yakiwa mitumba, na jirani yangu wa sokoni huyauza. Mkubwa husema yeye na mimi tuko kwenye kampuni moja, yeye mlango wa mbele, mimi mlango wa nyuma.

Nilipomwambia habari ya antena alicheka.

"Babu, mwaka huu unanunua mti wa chuma?"

Hapa nieleze kidogo. Kwetu Ukambani, kifungua mimba akiwa mvulana hupewa jina la babu mzaa baba, na mvulana wa pili hupewa la babu mzaa mama. Kwa hiyo Mkubwa ana jina la baba mkwe wa mama yetu, na mimi nina jina la baba yake mama. Ndiyo sababu Mkubwa akinitania huniita babu. Na ndiyo sababu mama mwenyewe, tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa, huniita baba, na kumwita Mkubwa mkwe wangu. Ni utani, lakini ni utani wenye sheria. Baba ni mtu wa nyumbani, anakula kilichoko. Mkwe ni mtu wa kupikiwa.

"Waifai ya watoto si iko hapo?" Mkubwa aliendelea. "Stesheni zote za bure ziko kwa mtandao, moja kwa moja, bila mlima, bila fundi. Hata mimi nimeshusha antena yangu, nikampa mlinzi wa hii ploti tunayopanga. Sasa kitu umeshalipia, utakilipia tena mara ya pili ya nini?"

Anajua mahali pa kunibonyeza. Neno "mara ya pili" likishaambatana na neno "kulipia", mimi huwa nimekwisha. Asubuhi nikamwambia fundi asije. Hakukasirika. Alisema tu, "Sawa mzee. Lakini hiyo ya mtandao huja imechelewa kidogo."

"Imechelewa kwenda wapi?" nikamuuliza, nikakata simu nikiwa nimefurahi. Niliona ni maneno ya mtu aliyekosa mauzo. Mimi mwenyewe huyasema kila siku.

*

Sasa nieleze habari ya Jumapili, kwa sababu bila hiyo mambo ya antena ni mambo ya antena tu.

Mama yetu anakaa Masinga, si mbali na bwawa, kwenye shamba la ndengu na mbuzi wachache. Baba alishatutoka. Jicho moja la mama lilishazimika, na la pili linaingia ukungu pole pole. Daktari alisema ataliangalia tena kabla ya kuamua kama lipasuliwe. Siku za wiki kuna mama jirani anayemsaidia. Jumapili ni yetu. Mmoja wetu hufika asubuhi, humpeleka kanisani akimshika mkono, huchota maji ya wiki, humsomea karatasi za dawa, hutengeneza kilichovunjika. Sisi ni wawili tu.

Nami nakiri: ni siku ndefu. Ni magari mawili na bodaboda kutoka Machakos, na Jumapili ndiyo siku watu wa mshahara hununua viatu. Mkubwa alikuwa na sababu zake pia. Tulianza kubishana ni nani ameenda mara nyingi. Mimi nilikuwa na hesabu yangu, yeye alikuwa na yake, na hesabu hizo zilikuwa za kushoto na za kushoto.

Tulikutana Kyumbi, katikati ya kwake na kwangu, tukala mahindi ya kuchoma kando ya barabara tukitafuta njia ya haki. Sijui ni nani aliyetaja mpira. Ningependa kusema ni yeye. Tulipatana hivi: Jumamosi jioni kuna mechi inayoonyeshwa na stesheni ya bure. Kipindi cha pili tutakuwa kwenye simu, kila mtu kwake. Ikitokea kona, adhabu au penalti, mpira ukishawekwa chini kila mmoja aseme litakalotokea. Beki atautoa, kipa ataudaka, utapita nje, au utaingia. Anayepatia anapata moja. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye kidogo ndiye ataamka mapema kesho yake aende Masinga.

"Na nani anasema kwanza?" niliuliza.

"Mdogo," alisema Mkubwa. "Mkubwa husema mwisho. Hata kwa mzee ilikuwa hivyo."

Ilikuwa hivyo kweli. Sikuona la kubishia.

Muda mrefu mchezo huo ulikwenda vizuri. Alishindwa, nikashindwa, tukaenda karibu sawasawa, na tulijiona waungwana kwa kupata njia isiyo na maneno makali. Halafu ukaja upepo, na mimi nikahamia mtandao.

Jumamosi ya kwanza nilishindwa. Ya pili nikashindwa. Ya tatu mpira uliwekwa kwenye kona, nikasema, "Beki anatoa kwa kichwa." Mkubwa akaguna.

"Mmh. Kipa atatoka, ataukosa, utapita nje kule nyuma."

Kipa akatoka, akaukosa, mpira ukapita nje kule nyuma.

Unajua nilifanya nini? Nilimsifu. Nilikaa kwenye kiti changu Machakos, nikapiga paja, nikamwambia, "Mkubwa, wewe una jicho." Jumatatu niliwasimulia watu sokoni kwamba kaka yangu anausoma mpira kama karatasi. Muuza mashati akaniuliza kama anaweza kutusomea timu za wikendi. Nikampelekea Mkubwa swali hilo. Akasema kipaji kikichezewa hupotea.

Kulikuwa na jambo moja tu. TV yake haikusikika kamwe kwenye simu. Yangu ilipiga kelele, yake kimya. Nilimuuliza mara moja.

"Nimezima sauti. Watoto wanasoma."

Jumamosi. Saa kumi na moja na nusu jioni. Watoto wa ploti ya Athi River wanasoma. Mimi, ninayehesabu miguu na kisha jozi, neno hilo nililihesabu mara moja tu nikaliweka mfukoni, kwa sababu lilitoka kwa mkubwa wangu.

Nilikwenda Masinga Jumapili kumi na moja mfululizo.

*

Kila nilipofika, mama alinitambua kwa mlio wa geti. Alikuwa akigeuza kichwa pembeni, kwa sababu jicho lililobaki huona zaidi kwa ukingo, kisha akiuliza swali lile lile.

"Baba, mkwe wangu hakuja?"

"Kazi, mwaitu. Kiwanda kiko na oda kubwa."

"Mashati hayo huvaliwa na nani yasiyoisha?"

Mwaitu ndiyo "mama" ya Kikamba, na mazungumzo yetu yote ni Kikamba. Hapa nayageuza nilivyoweza. Nilimtetea Mkubwa kila Jumapili. Nilitunga oda, nikatunga msimamizi mkali, nikatunga mashine iliyoharibika. Nilimdanganyia bila malipo.

Kulikuwa na jogoo. Mama alimfuga kwa ajili ya mkwe wake, jogoo mwekundu mwenye shingo ya kujivuna, na kila mtu pale alijua ni wa nani. Mkwe halishwi majani. Mimi nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula kizuri ambacho sina neno nacho, huku jogoo akipita mlangoni akinitazama kama mwenye nyumba. Jumapili moja nilisema, kwa utani, kwamba huyu ndege anazeeka.

"Anamngoja mwenyewe," mama alijibu. Halafu akaongeza, akichambua ndengu kwa vidole, bila kuniangalia: "Nataka aje nikiwa bado natofautisha uso wake na wa mtu mwingine. Baada ya hapo aje akitaka."

Maneno hayo nilimfikishia Mkubwa kwa simu jioni hiyo hiyo. Akasema, "Basi omba ushinde, babu." Jumamosi iliyofuata alipatia kona nne kati ya tano.

*

Wiki ya kumi na mbili ndengu zilikuwa zimekauka, zinapasuka zenyewe shambani. Kuvuna hakungoji mechi. Nilifika Masinga Ijumaa, na Jumamosi tulivuna tangu asubuhi. Sikumwambia Mkubwa niko huko. Nilijua angesikia angesema, basi si umeshafika, baki mpaka kesho, mechi ya nini? Nami nilitaka mechi. Nilitaka nishinde, nirudi Machakos jioni ile, kesho aje yeye, mama amwone, jogoo apate amani.

Kwa hiyo jioni ilipofika nilikaa juu ya gunia la ndengu, nikafungua stesheni kwenye simu kwa bando nililonunua njiani. Mama alisikia kelele ya uwanja.

"Kwa nini unatazama kwa kioo kidogo na TV iko hapa?"

Akaiwasha mwenyewe, kwa kupapasa. Yeye TV huitazama kwa masikio, pua ikikaribia kugusa kioo. Antena yake ni ile tuliyomwekea sisi wawili, Mkubwa na mimi, miaka iliyopita. Mkubwa alikuwa nje akizungusha bomba, mimi ndani nikitazama picha, na mama amesimama mlangoni katikati yetu akibeba maneno. Mimi nasema "zungusha kidogo," yeye anampelekea, Mkubwa anauliza "sasa je?" yeye ananiletea. Picha iliposimama sote watatu tulisema "hapo hapo" kwa pamoja, na haijasogezwa tena tangu siku hiyo.

"Goli," alisema mama.

Nikainua macho. Kwenye TV wachezaji walikuwa wamelaliana. Nikatazama simu. Kwenye simu kipa alikuwa anaupanga mpira wake taratibu, hana habari. Nilidhani simu imekwama, lakini haikukwama. Watu walikimbia, mpira ukapigwa, ukapokelewa, ukazunguka, kisha goli lile lile likaingia tena, mbele ya macho yangu, wakati kwenye TV walikuwa wameshaanza upya.

Nilingoja mpira wa kurushwa. Uliporushwa kwenye TV nikaanza kuhesabu. Uliporushwa kwenye simu nikasimama. Arobaini na moja. Nikarudia na mwingine, kwa sababu ndivyo nilivyo. Arobaini na moja.

Lakini nilimtetea, naomba hilo liandikwe. Nilisema moyoni, kama naye ameshusha antena yake alivyoniambia, basi tumechelewa pamoja, na waliochelewa pamoja hakuna aliyemwibia mwenzake. Kipindi cha pili kilipoanza nilifunga mtandao, nikampigia, nikaweka spika, simu juu ya gunia. TV ya mama niliishusha sauti mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Babu. Umeshapakia begi?"

"Nimepakia."

"Leo nitakuonea huruma. Nitajifanya kipofu kidogo."

Mama alikuwa mbele ya TV, mgongo kwetu. Alisikia. Hakugeuka.

Dakika chache baadaye refa akaonyesha penalti. Nilinyamaza. Wachezaji walimzonga refa, mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma hatua nne. Na kaka yangu, kwenye spika, akaniuliza kwa sauti ya starehe, "Huko Machakos mvua imewasalimia?"

"Kidogo," nikasema.

Mpigaji akapiga. Kipa akalala upande wake wa kulia, akaudaka, akaukumbatia.

Hapo nikasema haraka, "Penalti hiyo, Mkubwa. Mpira umewekwa. Mimi nasema anafunga."

Kama angekuwa kwenye mtandao, wakati ule kwake bado watu wanamzonga refa. Angesema, ngoja, mpira haujawekwa. Nilingoja aseme hivyo. Sijawahi kungoja mteja hivyo. Ningempa Jumapili zote za mwaka angesema ngoja.

Alishusha pumzi. Akaguna.

"Mmh. Huyu atakosa. Kipa atalala kulia. Naiona hata kwa miguu yake."

Mama akageuza kichwa pembeni, akaisogelea simu.

"Mkwe wangu anatabiri nini," aliuliza, "na kipa ameshadaka?"

Nilisikia, kwa mara ya kwanza, kelele ya Athi River: pikipiki, mtu akiita mtoto. Hakuna mtoto aliyekuwa anasoma.

"Babu," Mkubwa alisema mwishowe. "Uko wapi?"

"Masinga. Antena ni ile yetu. Na yako?"

"Iko juu."

"Mlinzi wa ploti?"

"Sikumpa."

Mama aliipa TV mgongo. Alitutazama kwa zamu, mimi na gunia lenye simu, kama siku ile mlangoni, ila sasa hakukuwa na maneno ya kubeba.

"Mnashindania nini?"

Akauliza tena, nami nikasema, "Ni nani atakuja Jumapili."

Uso wake ukafunguka. Niliuona. "Kumbe," akasema. "Anayeshinda ndiye anakuja?"

Sokoni, mteja akitaja mwenyewe bei iliyo juu kuliko uliyokuwa ukiitaka, humsahihishi. Unanyamaza, unaipokea. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa tayari kuipokea bei hiyo na kuondoka nayo mpaka kaburini. Aliyesema ukweli alikuwa ni yule mwongo.

"Hapana, mwaitu," alisema Mkubwa kwenye spika. "Anayeshindwa."

Kwenye TV mtangazaji alikuwa anakirudia kisa cha penalti kana kwamba kuna mtu anakijali.

"Kwa hivyo wewe," mama aliniambia, na hakuniita baba, "Jumapili hizi zote ulikuwa umeshindwa."

Nilikuwa na hasira nyingi, na zote zilikuwa za haki, na zote zilikuwa za Mkubwa. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya jozi. Mguu mmoja ulikuwa wa mtu aliyeiba ili asije. Wa pili ulikuwa wa mtu aliyeomba Jumamosi kumi na moja ashinde, na kushinda kwake kulikuwa ni kutokuja.

Simu ilikatika. Salio langu lilikuwa limeisha, au aliikata.

*

Mama alitoka nje kabla jua halijazama. Nikasikia kuku wakilalamika. Akaniita nimshike jogoo.

"Mwaitu, huyu si wa mkwe?"

"Jogoo ni wa mgeni," alisema. "Shika."

Nilimshika. Tulimnyonyoa, tukampika. Aliniwekea sahani peke yangu, mezani, kwenye kitambaa ambacho huwa hatukitoi, na juu ya nyama akaweka firigisi, kipande anachopewa mgeni wa heshima. Miaka yote nimekula kwa mama yangu kwenye kigoda jikoni, sufuria iko katikati. Nilimwambia nitakula huku jikoni. Akasema mgeni hali jikoni. Nyama ilikuwa ngumu. Jogoo alikuwa amengoja mno. Nilikula firigisi yote kwa sababu kuirudisha kungekuwa kukosa adabu, na adabu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kati yetu.

Asubuhi alikwenda kanisani akiwa ameshika fimbo yake. Nilitembea kando yake, mkono wangu ukiwa tayari. Hakuutaka.

Nilizungumza na Mkubwa siku mbili baadaye. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, lakini aliniwahi.

"Mwanzo sikujua. Nilishusha antena kweli, nikairudisha kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Ile ya kuchelewa nilikuja kuiona Jumamosi ya pili."

"Kuna Jumapili tisa baada ya hapo."

"Najua ni ngapi."

"Ungesema tu huwezi kuja."

"Ningesema nini? Mara ya mwisho alinitafuta uso kwa vidole, babu. Nimesimama mbele yake mchana. Siwezi hiyo."

"Hata mimi siwezi," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba nilikuwa nashindwa."

Sikumsamehe, na hakuomba. Nilimwita fundi wa antena. Alitaja bei ile yake ya kwanza, ya kabla ya chai mbili, akajipanga kwa vita. Nikasema sawa. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Mzee, uko mzima?"

"Panda ngazi."

Sasa picha yangu inakuja kwa wakati wake, na hakuna wa kutazama naye. Mchezo ulikufa. Mkubwa alikwenda Masinga Jumapili iliyofuata bila kuniambia. Nilisikia kwa mama jirani. Mkubwa aliketi jikoni, akapewa muthokoi. Inasemekana mama alimshika kidevu, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akasema amenona, kisha akamtuma maji. Hakumwita mkwe.

Mimi naenda Jumapili zangu kwa kalenda iliyotundikwa ukutani, moja yangu, moja yake. Nikifungua geti, mama hugeuza kichwa pembeni anitafute kwa ukingo wa jicho. Swali lake limebadilika.

"Leo umeshindwa na nani?"

"Sijashindwa, mwaitu. Nimekuja tu."

Hukaa kidogo akisikiliza, kama anayengoja picha isimame.

"Hesabu tena," husema, na kunisogezea kiti cha wageni.